Wazee wa Nyumbani: shajara ya mradi wa picha, Mwanza

3 Juni

Nimeamua kuandika tangu siku ya kwanza, kwa sababu kazi ya picha ikishapita miezi miwili mtu hubaki na picha tu, asikumbuke alivyozipata.

Kazi yenyewe ni hii: kupiga picha za wanyama waliozeekea majumbani hapa Mwanza, mbwa na paka zaidi, wangali hai na wangali na nguvu ya kunyanyua kichwa. Kila nyumba itabaki na picha moja iliyosafishwa kwenye karatasi. Sitozi kitu. Ugali wangu unatoka kwenye harusi, sendoff, kipaimara na mahafali, na utaendelea kutoka huko.

Kilichonisukuma ni simu. Familia niliyoipigia harusi zamani inanitafuta: "Kaka, kwenye zile picha za nyumbani, hakuna hata moja mbwa wetu anaonekana?" Mbwa amekufa. Nafungua diski, natafuta. Naona mkia nyuma ya gari la bibi harusi. Naona sikio moja kando ya sufuria la pilau. Mnyama aliyelinda geti lile miaka yote ile hana picha hata moja ya peke yake. Nakata kile kipande, nakikuza mpaka kinaota chembechembe, nawatumia, na wanashukuru kupita kiasi. Kwa kipande cha mkia!

7 Juni

Vifaa. Kamera moja, lenzi mbili (milimita 50 na 85), mkeka, chupa ya maji, kitambaa safi cha kufutia tongotongo. Flashi naiacha nyumbani. Mbwa na paka wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yao yanawaka kijani ukiwamulika usiku. Ukipiga flashi ya uso kwa uso unapata taa mbili badala ya macho. Tena mnyama mzee ambaye haoni vizuri hushtuka sana na mwanga wa ghafla, na akishashtuka siku hiyo imekwisha.

Halafu dagaa. Nimenunua kisado cha dagaa wa ziwani, waliokauka vizuri, wasiotiwa chumvi. Mbwa akizeeka masikio hupungua, macho hupungua, lakini pua ndiyo ya mwisho kumtupa. Kumwita jina mbwa kiziwi ni kupoteza pumzi. Nitasugua dagaa mmoja kwenye kingio la lenzi, aitazame kamera kwa hiari yake.

Nina pia kile kitambaa cheusi cha studio. Bado sijaamua kama nakihitaji.

11 Juni, Mabatini

Nyumba ya kwanza iko juu kwenye mawe, ngazi baada ya ngazi, nyingine za saruji, nyingine jiwe lenyewe limechongwa kidogo. Mwenyeji ni mzee mstaafu wa reli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayepiga picha mbwa?" Akacheka, majirani wakacheka, watoto wakajipanga ukutani kutazama sinema ya bure.

Mbwa anaitwa Simba. Mzee ni Yanga damu. Anasema alimpa jina hilo ili apate Simba mmoja wa kumtii. Rangi ya mchanga, mdomo umeshakuwa mweupe mpaka chini ya macho.

"Mbwa tu huyu," mzee akasema, akipunga mkono. "Wa kulinda." Halafu akaanza kueleza, bila kuulizwa, kwamba ugali wa jana hali mpaka upashwe na mchuzi wa dagaa. Kwamba radi zinamtetemesha ila fataki za mwaka mpya hazimshtui. Kwamba nyonga ya kushoto inamuuma mvua ikikaribia. Kwamba anaijua bodaboda ya kijana wa nyumba kati ya bodaboda zote zinazopita barabarani, na anaijua kabla watu hawajaisikia. Nilikuwa nimeshakaa chini na kamera yangu haijatoka kwenye begi.

Umri? "Aliletwa mwaka aliochaguliwa Magufuli." Basi ni 2015. Nimeanza kuona kwamba hivi ndivyo nitakavyopata umri wa wengi, maana tarehe ya kuzaliwa mbwa hakuna aliyeiandika. Miaka kumi kwa mbwa wa kienyeji wa mjini si midogo: kuna magari, kuna magonjwa, kuna watu wa sumu.

Zamani Simba alikuwa anashuka hadi barabarani kumpokea mzee. Siku hizi anaishia kwenye jiwe bapa lililo katikati ya ngazi. Hapo anasubiri, hapo hachoki kurudi. Mzee aliliita "kituo chake". Kwa hiyo hatukupiga mlangoni wala mbele ya kitambaa. Tulikwenda kituoni kwake, saa moja na robo asubuhi, jua likiwa chini upande wa nyuma ya mlima na mawe makubwa ya pande zote yakirudisha mwanga laini wa kijivu. Mwanza ina bahati hii ambayo wapiga picha hatuisemi vya kutosha: mawe haya ni viakisi vya mwanga vilivyowekwa tayari. Nililala kifudifudi kwenye ngazi ili lenzi ilingane na macho yake. Watoto walifurahi zaidi na hilo kuliko na picha.

Kitambaa cheusi kimepata jibu. Kinabaki nyumbani.

18 Juni, Capri Point

Hali tofauti kabisa. Geti la umeme, bustani, ziwa linaonekana kibarazani. Mbwa ni German Shepherd wa miaka kumi na moja, kadi zake za chanjo zimepangwa kwenye faili, umri una tarehe na mwezi. Miguu ya nyuma imeanza kulegea, anaburuza kucha.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameandaa sebule: pazia jekundu, zulia limeondolewa ili vigae vionekane, na tai ya kipepeo. Vigae ndivyo adui. Mbwa mwenye nyonga mbovu akisimama kwenye vigae hutanua miguu, anaogopa kuanguka, na hofu hiyo inaonekana usoni wazi kabisa. Nikatandika mkeka. Akasimama sawa, lakini uso ulikuwa bado wa mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu.

Nikamuuliza mama, mchana analala wapi? Akasita. Nyuma ya nyumba kuna pikapu ya zamani, haitembei, imeota kutu, na mbwa analala chini ya bampa. "Lakini huko pachafu, kaka. Watu watasema nini?" Tukaenda hata hivyo. Alipofika alijizungusha, akashuka taratibu kwa awamu, mbele kwanza kisha nyuma, akaegemeza kidevu kwenye ukingo wa tairi. Picha ikajipiga yenyewe.

Ya kiufundi, kwa mwenye kuhitaji: mgongo ni mweusi, na kamera ikiona nyeusi nyingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, manyoya yanatoka rangi ya majivu. Nilishusha fidia ya mwanga kwa hatua moja. Kwa paka mweupe ni kinyume chake. Shata nilishikilia 1/250 ya sekunde, kwa sababu mbwa mzee hata akitulia anahema, na kichwa kinapanda na kushuka na pumzi.

26 Juni, Igoma

Tulipanga Jumamosi iliyopita. Wakaahirisha ili wamwogeshe mbwa kwanza, na msichana wa nyumba aliyekuwa akisoma bweni awe amerudi. Jana wamepiga simu: mbwa hayupo tena. Alikuwa na miaka kumi na tatu.

Nilikwenda, bila kamera. Tulikaa na simu zao mezani tukakusanya. Kitu nilichojifunza ni kwamba picha zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila zimesambaa. Kwenye simu ya dada kuna video ya mtoto akijifunza kutembea, na mtoto ameshika sikio la mbwa. Kwenye kundi la familia kuna picha ya Krismasi. Nyingi zilikwenda kwenye status, na status ikitimiza saa 24 imetoweka. Kama aliyeiweka alishafuta picha yenyewe kwenye simu, basi.

Jambo jingine: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, inapoteza ubora. Niliwaomba wote wanitumie kama dokumenti, ile asili kabisa. Tofauti ya moja ilikuwa kubwa: kwenye ile iliyobanwa, jicho ni doa jeusi, kwenye asili, unaona dirisha la sebule ndani ya jicho.

Video nimeziacha nzima, sikukata picha tu. Kuna moja anabweka sekunde sita hivi, hakuna kingine. Baba wa nyumba aliirudia mara kadhaa.

Tangu leo siahirishi nyumba yoyote kwa sababu ya kuogesha. Vumbi ni sehemu ya mbwa.

4 Julai

Nimepita kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama wengi wa mjini, nikamwonyesha picha za macho. Nilikuwa najiuliza kwa nini karibu wote wana ukungu wa bluu, na wenyewe wanaamini mbwa wao ni vipofu.

Akanieleza kwamba wengi si vipofu. Lenzi ya jicho huendelea kuota nyuzi mpya maisha yote, na za zamani husongamana katikati. Kuanzia miaka saba hivi msongamano huo huanza kuonekana kwa rangi ya bluu-kijivu. Mbwa anaendelea kuona, karibu kama zamani, labda ashindwe na vitu vya karibu sana. Mtoto wa jicho ni jambo lingine: huo ni weupe wa maziwa, na huo unazuia mwanga kweli.

Kwa kazi yangu ina maana hii: mwanga ukimpiga kutoka pembeni, ukungu unawaka na kuwa kitu cha kwanza kinachoonekana. Ukitoka mbele, nyuma ya mgongo wangu, kutoka kwenye anga iliyo wazi, unatulia. Sina haja ya kuuficha. Nina haja ya kuamua.

Aliongeza jambo ambalo halihusu picha, lakini naliandika kwa sababu nimelisikia kwenye nyumba zaidi ya moja: watu wanawapa wanyama wazee dawa za maumivu za binadamu. Panadol ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mbwa naye ibuprofen inamdhuru tumbo na figo. Kama mnyama anachechemea, apelekwe kwa mtaalamu.

11 Julai, Mwaloni Kirumba

Nilisubiri mbalamwezi makusudi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika, na soko linapumua. Siku nyingine yoyote ukimwomba mama wa dagaa dakika kumi za kumshika paka, utajibiwa jibu unalostahili.

Paka anaitwa Mhasibu. Ni jike, mweupe mwenye mabaka ya kijivu, sikio moja limechanika, meno ya mbele hayapo. Anaitwa hivyo kwa sababu anakaa juu ya daftari la mauzo na haondoki hadi mtu ahesabu pesa. Kazi yake halisi ni panya. Magunia ya dagaa yanayosubiri malori ya Kongo yanaweza kutobolewa usiku mmoja tu, na akina mama wanasema ghala lao halijawahi kupata hasara ya maana tangu yeye aje.

Lini alikuja? Ubishi ukazuka. Mmoja anasema alikuwepo kabla ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere, kwa sababu wiki ile ya Septemba 2018 alizaa ndani ya boksi la taa. Mwingine anasema kuzaa kule kulikuwa kwa pili. Wakakubaliana kwamba ana miaka tisa au zaidi. Kwa paka anayelala kwenye vigae vya Capri Point hiyo ni miaka ya utu uzima tu, wengine wanafika 15 na kupita. Kwa paka wa soko, anayegombania vichwa vya sangara na korongo wenye urefu wa kifua cha mtu, ni uzee.

Nilimpiga juu ya daftari. Nikampiga tena akiwa amelala katikati ya gunia na gunia, ghala likiwa na giza na mlango mmoja tu wa mwanga. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikapanda hadi 3200 na sikujali. Mama mmoja alitaka kumfunga kanga shingoni apendeze. Wenzake wakamzuia: "Mwache, yuko kazini."

23 Julai, mjini kati

Bibi anaishi peke yake na paka wa miaka 14, na wajukuu wanakuja wikiendi. Nyumba ya Kiislamu, safi sana. Tulizungumza zaidi kuliko kupiga. Alinisimulia Abu Huraira, sahaba wa Mtume aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mapenzi yake kwa paka, na akasema kumfuga paka hakujawahi kumletea maneno mtaani. Mwenye maneno ni mimi na kamera yangu.

Maana picha ilikuwa swali. Hataki picha ya kiumbe ukutani, chumba kile anaswali. Nikamwambia hakuna shida, nitamletea ndogo ya kuweka kwenye albamu, aifungue akitaka. Hilo akaliridhia. Nimeandika pembeni ya daftari: kuuliza kila nyumba picha itakaa wapi kabla sijaamua ukubwa.

Hakutaka uso wake uonekane. Mkono alikubali. Paka alikuwa ameficha uso kwenye kiganja chake chenye hina iliyofifia, na nimegundua kwamba picha yenye mkono wa mwenyewe inasema kitu ambacho ile ya mnyama peke yake haikisemi: ukubwa wake, wembamba wake wa sasa, namna anavyoshikwa. Watu wengi wanaona aibu kuingia kwenye picha, wanasema wamenenepa, hawajasuka. Mkono hauna kisingizio.

6 Agosti, Sengerema

Nimetoka nje ya mpango, kwa sababu ya simu ya kijana anayesoma chuo Nyegezi. "Kaka, nyumbani kuna maksai mzee, baba hamuuzi. Njoo." Nikaenda. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni hii ya 2025 na ng'ambo inafikiwa kwa dakika chache. Zamani ungepanga foleni ya kivuko na kurudi jua limeshazama.

"Mwangaluka, guku," nikamwamkia mzee kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola. Karibu, mwanangu. Huyu hapa mwenzangu."

Maksai anaitwa Mwalimu. Alivuta jembe tangu akiwa kijana, pamba na mpunga, na alipozeeka mzee hakumstaafisha mara moja: alimfunga nira na vijana wawili watatu, kila mmoja kwa msimu wake, awafundishe kutembea sawa, kugeuka mwisho wa tuta, kusimama wakiambiwa. Maksai mzoefu akifungwa na mgeni anaokoa viboko vingi. Ndipo likatoka jina.

Wachuuzi wa ng'ombe wamepita mara nyingi. Mzee anawapa maji ya kunywa na kuwasindikiza. Kijana aliniambia pembeni kwamba ada yake ya sekondari ilitoka kwenye lile jembe, na baba hajawahi kulitamka hilo. Anasema tu kwamba nyama yake ingekuwa ngumu.

Ng'ombe anaona pande zote mbili kwa upana, ila nyuma yake moja kwa moja haoni, na ukimtokea huko anaweza kurusha teke. Nilimwendea upande wa bega, polepole, nikizungumza. Uso ni mzuri, pembe ni nzuri, lakini picha niliyoipenda ni ya shingo: pale nira ilipokaa miaka yote ngozi imekuwa sugu, haina nywele, inang'aa. Nimeipiga kwa karibu, mwanga wa saa kumi na moja jioni ukitambaa juu yake. Halafu moja ya pana, Mwalimu chini ya mti, na nira imetundikwa tawini juu yake.

Keshokutwa ni Nanenane. Pale Nyamhongolo watapitishwa madume yaliyonawiri, manyoya yanateleza. Nitakwenda kuwaona, nawapenda. Ila sidhani kama nitatoa kamera.

20 Agosti

Siku ya kompyuta, na ugomvi kidogo.

Mbwa wa Nyakato, Bosco, miaka 12. Kijana wa nyumba aliipitisha picha yangu kwenye programu ya simu, ikafuta ukungu wa macho, ikarudisha rangi nyeusi kwenye mdomo, ikajaza manyoya pale kwenye kovu. Akanitumia, akitaka nisafishe hiyo badala ya yangu. Nikamwambia amwonyeshe mama yake kwanza, bila maelezo. Jibu la mama lilikuja kwa sauti, fupi: "Huyu nani?"

Sina dini ya kukataa kuhariri. Narekebisha mwanga, naondoa chupa ya plastiki iliyopeperuka nyuma, nakata pembeni. Tongotongo nazifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupiga, kwa sababu hata mwenyewe angezifuta. Kamba ya shingoni naiacha. Mvi, kovu, jicho la bluu, sikio lililochanika: hivyo ndivyo familia inavyomjua sasa, ndio uso wanaoamka nao. Picha ya ujana wake, kama wanaitaka, tutaitafuta kwenye simu zao za zamani, na ikipatikana nitaisafisha iwekwe kando ya hii. Kijana ameshaanza kutafuta.

9 Septemba

Kusafisha picha. Nimezunguka studio za mjini na nimeamua karatasi isiyong'aa sana. Zile za kung'aa zinavutia dukani, lakini nyumba nyingi zinatundika picha mkabala na mlango, na mlango ukiwa wazi unaona mlango, humwoni mbwa. Fremu nataka yenye nafasi ndogo kati ya kioo na karatasi. Karibu na ziwa hewa ina unyevu, na karatasi iliyogusana na kioo hunata, siku ukiitoa inabanduka na sura. Na nimewaambia wote wasitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Faili asili nimeweka diski mbili. Moja iko kwangu, nyingine iko kwa shemeji Buzuruga. Kuweka zote mbili nyumba moja ni kumrahisishia mwizi kazi.

Nilipopeleka picha Mabatini mzee aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema nyonga imeonekana. Ni kweli, Simba ameegemea upande wa kulia. Sikuwa nimeliona hilo hata kwenye kompyuta. Majirani wale wale waliocheka Juni sasa wananiuliza kama nina nafasi.

28 Septemba, Ilemela

Leo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kwenye uwanja wa kata kulikuwa na chanjo. Nilikwenda kutafuta wazee. Foleni ni ya watoto, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba ya katani, mbwa wanabweka, watoto wanacheka, mtoa chanjo haonekani kwa vumbi. Mbwa wengi ni vijana. Wale wachache wenye mvi walikuwa wamekaa chini, hawana muda na fujo.

Kadi ya chanjo ni hazina ambayo sikuifikiria mwanzoni. Kadi iliyoanza kujazwa miaka minane iliyopita inakupa umri wa uhakika kuliko kumbukumbu ya uchaguzi, na inakuambia pia kwa nini mbwa huyu amefika hapa alipo: kuna mtu aliyemshika kamba kila mwaka akampanga foleni. Kwa ruhusa yao nimepiga picha kadi pia, mbele na nyuma. Mbwa mmoja kadi yake imetafunwa pembeni. Mtafunaji anajulikana.

Jua la siku hizi halifai hata kidogo. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa; kivuli kinaingia chini ya miguu na macho yanakuwa mashimo. Kuanzia saa tatu asubuhi nahamia vibarazani. Kibaraza kilicho na kivuli na kinachotazama anga wazi kinatosha, huhitaji kingine.

5 Oktoba

Hesabu ya kazi. Nyumba nyingi zimepata picha zao. Tatu zinasubiri fremu. Ya bibi iko kwenye albamu, nimeona kwa macho yangu, kati ya picha ya hija na ya mjukuu wa kwanza. Akina mama wa Mwaloni wameiweka ya Mhasibu kwenye nailoni na kuigonga misumari juu ya meza ya mauzo, na panya, wanasema, wanaiheshimu.

Mbwa wa Capri Point amekufa wiki iliyopita. Mama alinitumia ujumbe usiku, kisha akanipigia kesho yake kuuliza kama ile ya chini ya pikapu inaweza kuwa kubwa zaidi. Nimemwambia faili inaruhusu hadi A2 bila shida. Pikapu alikuwa amepanga kuiuza vyuma chakavu, amesimamisha kwanza.

9 Oktoba

Simu kutoka Ukerewe. Mzee mvuvi ana mbwa wa miaka 11 anayepanda mtumbwini tangu utoto, na sasa hawezi kuruka mwenyewe, wanambeba. Anataka apigwe ndani ya mtumbwi, si ufukweni. Nimemuuliza analala upande gani wa mtumbwi. Kasema mbele, juu ya kamba za nanga.

Wadudu wa ziwani wakipaa jioni huko wanajaza lenzi, kwa hiyo tutatoka alfajiri. Nataka jaketi okoa mbili, yangu na ya kijana wa kasia, na mfuko usioingiza maji kwa ajili ya kamera. Mkeka hauna kazi safari hii. Dagaa, mzee amesema nisibebe, nitamchekesha. Meli ya Nansio naangalia ratiba kesho, na mvua za vuli zikiwahi tutasogeza, lakini si zaidi ya wiki moja.